Kibati Namba Nne

4 Februari

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kama kuna kinachokuuma basi kiwe kidogo. Mimi sijambo, kazi tu ndiyo haina huruma. Najua utashangaa kuona mwandiko wangu. Barua yako ya rambirambi Mama alipofariki niliipata, nikaisoma, nikaitia kwenye droo, na sasa ni miaka miwili sijaijibu. Nisamehe kwa hilo, ingawa si hilo lililonishikisha kalamu leo.

Labda umesikia kwa watu kwamba nafanya kazi ofisi ile ile. Ndiyo, ya matunzo ya watoto, yenye ukuta nusu kijani nusu nyeupe. Nilianza kama karani wa faili, sasa ni afisa, na mwezi uliopita Mkurugenzi alinikabidhi kazi ya kubadilisha utaratibu wote wa malipo. Mambo bado ni yale yale uliyoyaacha. Wazazi walioachana wanakuja siku moja ya mwezi, kila kundi na siku yake, anayewahi getini anachukua kibati, kile kipande cha bati chenye namba, kisha wote wanangoja namba yao. Ikifika, mtoto anaonyeshwa dirishani ili karani aone yupo na ni mzima, baba anahesabu pesa, mama anatia sahihi. Siku nzima imekwisha. Nataka kulifunga dirisha hilo, namba tatu. Pesa ikatwe kwenye mshahara wa baba iende kwa mama, asiye na mshahara atume kwa simu, na mama asikanyage pale tena.

Kwa ajili ya kazi hiyo nilishuka stoo kutafuta madaftari ya zamani, nikayakuta ya miaka yetu. Miaka kumi na moja, Baba, hukukosa hata mwezi mmoja. Nakwambia kweli nilijisikia fahari, nilisimama mle ndani na vumbi puani natabasamu peke yangu. Halafu nikafungua daftari la mlinzi wa getini, lile la kugawa vibati. Jina lako liko juu kila mara. Kibati namba nne. Namba tatu. Namba sita. Tena namba nne. Saa moja asubuhi umeshafika. Na daftari la dirishani linasema umelipa saa tisa na nusu, saa kumi kasoro dakika kumi, wa mwisho au wa pili kutoka mwisho.

Mtu wa namba nne anamaliza kabla ya saa tatu asubuhi.

Mama alikuwa akisema, "Baba yako anatuchelewesha makusudi." Mimi nilikuwa nakutetea. Nikiwa na miaka kumi na mitatu nilimjibu vibaya sana kwa jambo hilo, nikamwambia foleni ndiyo ndefu, yeye ana chuki zake tu. Akaniambia, "Ipo siku utajua." Ameondoka sijamwomba radhi.

Naomba uniambie kwa nini ulifanya vile. Ripoti yangu inakwenda kwenye kamati katikati ya mwezi wa nne.

Ni mimi,
binti yako

19 Februari

Kwa mwanangu Karani,

Marahaba, marahaba, marahaba. Barua yako nimeletewa na mwenye duka wa hapa jirani, maana posta humwachia yeye barua za mtaa mzima. Aliitoa chini ya mzani wa sukari. Nimeisoma mara nne, ya kwanza nikiwa nimesimama. Afya yangu ni ya kizee: goti moja linatabiri mvua kuliko redio, na macho yameingia ukungu kidogo, ndiyo maana naandika herufi kubwa kama tangazo la ukutani. Rangi bado napaka, lakini vyumba vya chini tu. Mimi na ngazi tumeachana kwa amani.

Afisa! Unakumbuka nilivyokuwa nakuita Karani? Ulikuwa unakaa pale kwenye benchi, unachukua ganda la chungwa unanigonga nalo gotini kama muhuri, unasema, "Imepokelewa, anayefuata!" Kumbe ulikuwa hutanii. Nilimsimulia mwenye duka mpaka akanionyesha saa.

Kuhusu foleni, mwanangu, zamani watu walikuwa wengi. Na yule karani wa dirishani alikuwa mzito, kalamu ikimdondoka leo anaiokota kesho. Tusifukue ya kale. Unakula vizuri? Uko na nani nyumbani? Na ukuta ule bado una rangi ile ile? Miaka kumi na moja nimekaa chini ya kijani kibaya kiasi kile, fundi mzima, nikanyamaza.

Mama yako apumzike. Alikuwa mtu wa haki.

Baba yako,
fundi rangi

2 Machi

Baba,

Shikamoo. Pole na goti, na hayo macho nenda ukayaonyeshe hospitali, usiyaachie ukungu uamue. Mimi mzima.

Usinichekeshe. Nimekuuliza jambo moja, umenijibu mambo saba na lile moja ukaliruka. Mimi nahoji wababa kila siku, ndiyo kazi inayonilisha, na baba akianza kunisifia ukuta najua kuna kitu anakikwepa.

Benchi nalikumbuka vizuri kuliko unavyodhani. Ulikuwa unamenya chungwa kwa mzunguko mmoja, ganda halikatiki. Ulinifundisha kusoma kwa matangazo ya ukutani, na sentensi yangu ya kwanza maishani ni "Ni marufuku kutema mate ukumbini." Mama alikuwa nje kwenye ngazi, mkoba mapajani, ametupa mgongo. Na wewe kila mara ulikuwa unasema, "Ngoja ninyooshe miguu," unaelekea kule mwisho wa foleni, unarudi. Mtu akipita mbele yako unamwambia, "Pita mama, pita tu." Wanawake walikubandika jina, Bwana Pita. Mimi nilidhani ni adabu zako. Sasa najua ulikuwa unabadilishana vibati.

Na kwa kuwa tumeshafukua, nifukue lote. Nilipotimiza miaka kumi na minane malipo yaliisha, nawe ukaisha. Nilikaa mwezi mzima nyumbani nikisikiliza mlango. Halafu mwezi wa pili. Nikajiambia basi, nilikuwa deni, na deni limelipwa. Hivyo ndivyo nilivyokuelewa kwa miaka ishirini na mmoja.

Kamati inakaa tarehe 15 Aprili. Nipe jibu hata kama ni baya.

Binti yako

30 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini u mzima wa afya. Nimechelewa kujibu, na mimi kwa kuchelewa unanijua.

Haya. Nimeanza barua hii mara tatu nikaichana, kwa hiyo ikikatika katikati usinilaumu. Siku hakimu alipotuachanisha mimi na mama yako, alisoma kiasi cha pesa, tarehe ya kulipa na mahali pa kulipia. Akasoma kwamba wewe unabaki kwa mama yako. Siku ya mimi kukuona hakuisoma. Nikangoja, nikisema moyoni sasa hivi ataisoma. Akafunga faili, akauliza, "Kuna swali?" Watu wamejaa mle ndani, wamevaa vizuri, mimi nina rangi kwenye viatu. Nikasema, "Hakuna, mheshimiwa." Mdomo huu huu.

Nje ya mahakama mama yako aliniambia nisikanyage mlangoni kwake, nami nikamwahidi. Alikuwa na sababu zake na nyingi nilimpa mimi. Kwa hiyo ikabaki ile siku moja ya mwezi, pale dirishani, kwa sababu sheria ilisema mtoto aonekane.

Mwezi wa kwanza nilichukua kibati namba mbili. Nikaitwa mapema, karani akakuchungulia, nikahesabu, mama yako akasaini, akakushika mkono mkaondoka. Hata dakika tano hazikufika. Nilibaki nimesimama na risiti mkononi kama mtu aliyesahau alichotumwa. Mwezi wa pili kulikuwa na mama mmoja ana mapacha, mmoja analia na mwingine anajiandaa, naye ana namba thelathini na nane. Nikambadilishia kibati. Nakuapia, nilifanya kwa wema. Lakini siku ile nilikaa na wewe mpaka saa tisa. Tukala machungwa matatu. Mwezi uliofuata sikungoja mtu mwenye mapacha.

Utauliza kwa nini niliwahi alfajiri kama nilitaka kuwa wa mwisho. Kwa sababu mwenye namba kubwa hana cha kubadilishana, na kwa sababu ningechelewa mama yako angechukua kibati yeye.

Hiyo ya miaka kumi na minane ndiyo imenilaza chini. Mimi nilikuja, mwanangu. Mwezi uliofuata nilikuja na machungwa, nikasimama getini saa moja asubuhi. Mlinzi akaangalia daftari, akasema, "Faili lako limefungwa, mzee wangu, huna haja tena." Nikangoja mpaka saa kumi kwamba labda utapita. Wewe ulikuwa nyumbani unasikiliza mlango, mimi nilikuwa getini. Mungu wangu.

Lifunge dirisha hilo, una haki. Ila kama inawezekana, acha benchi mahali fulani.

Baba yako

11 Aprili

Baba,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu.

Nilipoisoma barua yako nililia kwa ajili yako. Nililia kweli, mpaka mwenzangu wa ofisini akanifungia mlango. Jioni nikachukua sanduku la makaratasi ya Mama, sijui nilikuwa natafuta nini, pengine picha yako. Nikakuta barua ya kumwachisha kazi.

Mama alikuwa anafua mashuka hospitalini, hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba siku ya dirisha alikuwa na ruhusa mpaka saa sita mchana. Saa sita tu, aliomba kwa kulia mpaka wakampa. Barua inasema ameachishwa kwa "kutorudi kazini kila mwezi kinyume cha ruhusa." Nilikuwa darasa la tano. Ndipo alipoanza kufua nguo za watu nyumbani, kwa mkono, sabuni ikamla vidole mpaka akawa hawezi kufunga vifungo vyangu. Alikuwa amekaa pale kwenye ngazi, ametupa mgongo, anaangalia saa, anajua kazi inamponyoka. Na mimi na wewe ndani tunakula machungwa. Yale machungwa alilipia yeye.

Ungesema, Baba. Sentensi moja tu: naomba nimwone mtoto Jumapili. Kama si kwa hakimu, kwa Mama. Pengine angekataa. Pengine angekubali, maana alikuwa mtu wa haki, umesema mwenyewe. Hukumpa hata nafasi ya kukataa.

Ripoti nimeikabidhi jana. Kamati ikiipitisha, dirisha litafungwa tarehe 30 Juni. Habari ya benchi sikuiandika.

Kwa sasa usiniandikie. Nikiweza nitaandika mimi.

Binti yako

23 Novemba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hujambo? Goti halijambo? Macho ulikwenda kuyaonyesha? Naomba unijibu moja moja, nami nitajaribu kustahimili nikisikia jibu baya. Mimi mwili sijambo, roho ndiyo imekuwa na mgogoro.

Ni miezi saba na zaidi. Nilikuambia usiandike, nawe hukuandika hata mstari. Kila nikipita kwenye sanduku la barua nilikuwa nakasirika kwamba umenitii. Hiyo ndiyo shida yako, Baba: kilichoandikwa unakifuata mpaka nukta, kisichoandikwa hukiombi. Na mimi nimerithi wapi sijui, maana badala ya kukuandikia nilikaa nikingoja uvunje amri yangu mwenyewe.

Nikupe habari kwa mpangilio. Dirisha tulilifunga siku ile ile niliyokutajia. Nilikuwa mbio mbio tangu asubuhi, huku waandishi wa habari, huku Mkurugenzi anataka picha, huku foleni ya mwisho. Jioni tukahesabu vibati vya kupeleka stoo. Viko arobaini, vikatoka thelathini na tisa. Kimekosekana namba nne. Nilimgombeza mlinzi wa watu mbele ya wenzake kwa kipande cha bati, sijui nilikuwa nimepatwa na nini.

Kuanzia Julai mambo yakawa mazuri kuliko hata nilivyoahidi. Zamani katika wazazi kumi, wanne ndio walilipa kwa wakati, sasa wanane. Mama mmoja muuza nguo alikuja kunishukuru, akasema kwa mara ya kwanza hajafunga meza yake hata siku moja kwa sababu ya mume aliyemwacha. Nilimfikiria Mama. Nikasema mama yangu, hii ni yako. Wizara ikaniandikia barua ya pongezi, nimeitundika ukutani pale kwenye kijani chako kibaya.

Halafu mwezi wa tisa akaja mshonaji mmoja na binti yake wa miaka sita. Mtoto amevaa viatu vya shule na siku yenyewe si ya shule. Mshonaji ananiambia kwa aibu, "Afisa, naomba umwambie wewe, mimi haniamini. Anauliza siku ya ofisi ni lini. Nikimwambia hakuna tena, anasema nimemficha baba yake." Yule mtoto akapita moja kwa moja mpaka dirisha namba tatu, akagonga ule ubao tuliopigilia.

Nilimwita baba yake, ni dereva wa gari la mikate. Analipa kila mwezi, hachelewi hata siku. Nikamuuliza kwa nini haendi kumwona mtoto tangu Juni. Akaniangalia kama nimemwuliza kitu cha ajabu. "Hakuna aliyeniambia naruhusiwa," akasema. Ilibidi nitoke nje.

Nilitoa mafaili mia tatu stoo, nikayapitia mwenyewe moja moja. Katika mia tatu, mia mbili na kumi na mawili hayana siku ya baba kumwona mtoto. Yana kiasi, tarehe, mahali. Wababa wote hao walikuwa wanakutana na watoto wao kwenye foleni yangu, na mimi foleni nikaifuta nikapigiwa makofi. Na wewe ulikuwa umeshaniambia. Uliniomba benchi tu, mimi nikakunyima kwa hasira.

Nimefanya nilichoweza. Kuanzia Januari hakuna hukumu ya matunzo itakayopita ofisini kwetu bila mstari wa siku ya kuonana, saa na mahali, na mzazi ataulizwa kwa jina lake, si "kuna swali?" ya kutupia watu wote. Wasio na pa kukutania tumewatengea chumba cha uani kila Jumamosi. Mama anamleta mtoto anakwenda zake kazini, hangoji mtu. Mkurugenzi aliniuliza hili nimelitoa wapi. Nikamwambia kwa mlipaji mmoja wa zamani. Benchi nililikuta nyuma ya jengo linangoja kupasuliwa kuni, nikaliokoa, liko chumbani.

Niliyosema kuhusu Mama sitayafuta, ni ya kweli. Lakini nilikuandikia kama vile ulijua, na hukujua. Nisamehe. Na nisamehe kwa kusikiliza mlango miaka yote ile bila kuufungua nikatoka kukutafuta. Nilikuwa na miguu.

Jumamosi ya kwanza ya Januari chumba kinafunguliwa. Njoo, Baba. Uchelewe upendavyo, nitakuwa kwenye benchi.

Karani wako

12 Desemba

Kwa mwanangu Karani,

Marahaba, mwanangu, marahaba ya moyo wote. Mwandiko huu mzuri usikudanganye, ni wa mwenye duka. Ameahidi kuandika ninavyosema hata pale anapotikisa kichwa, na mpaka sasa ametikisa mara mbili.

Uliniuliza moja moja, nikujibu moja moja. Goti halijambo. Macho, daktari aliyaona mwezi wa tano. Jicho la kushoto lilikuwa limeshafunga duka, na la kulia akasema linafuata, tena halina dawa, ningekuja mapema labda. Labda hiyo nimeizoea. Sasa hivi naona mwanga wa mlango na kivuli cha mtu, nani ni nani siwezi kusema mpaka akohoe.

Kuhusu kazi ya mama yako, sikujua. Barua ile niliisoma nikaenda kukaa nyuma ya nyumba mpaka jua likanihama. Sikujua kwa sababu sikuuliza, na yule pale kwenye ngazi alikuwa hatua kumi kutoka kwangu. Nilifurahi alipogeuza mgongo, mwanangu. Niseme kweli, nilifurahi, kwa sababu hakuwa ananiona. Watu husema majuto ni mjukuu. Basi mimi ninaye mjukuu tayari, na ndiye ninayelala naye na kuamka naye.

Sasa kuna jambo sikukuambia, na mwenye duka anasema nisiposema ataandika mwenyewe.

Uliniambia nisiandike. Hukuniambia nisije.

Daktari aliponieleza habari ya macho, nikasema nikamwone mtoto nikiwa bado naona. Tarehe 30 Juni nilikuwa getini saa moja asubuhi. Mlinzi ni kijana mgeni, hakuniuliza faili, akanipa kibati tu. Namba nne. Nilicheka mwenyewe pale pale. Nikaingia nikakaa kwenye benchi, upande ule ule, na miwani yangu myeusi na kofia.

Ulitoka saa tatu. Umevaa gauni la bluu, umekumbatia mafaili kifuani, nywele umekata fupi kama za mama yako. Na unatembea kama yeye, kama mtu anayedaiwa na saa. Ulipita mbele yangu mara sita. Mara ya tatu ulimwinulia mtoto mmoja kiatu kilichomvuka. Mara ya tano ulikuwa unamfokea mtu kwa simu, nikaona huyu sasa kanirithi mimi, hafoki vizuri. Mara ya sita ukasimama. Ukaniinamia, ukasema, "Mzee, una namba?"

Miaka ishirini na mmoja nimeitengeneza sentensi moja kichwani. Ilikuwa tayari kabisa, mdomoni. Nikaona hukunitambua, na watu wamekuzunguka, na barua yako imesema nisiandike mpaka utakapoweza. Nikasema, "Ninayo, mwanangu, ila wapite wengine."

Ukanijibu kwa upole, "Dirisha linafungwa leo mzee, usije ukakosa." Halafu ukaitwa.

Saa kumi mlipoanza kupigilia ubao nikatoka. Kibati kilibaki mkononi. Nilitaka niseme nilikisahau, lakini mwenye duka ananiangalia, basi, nilikiiba. Kimo ndani ya bahasha hii. Mwombe radhi yule mlinzi.

Januari siwezi kuja. Sitaki uniongoze kwa mkono mbele ya wafanyakazi wako, na mlango wa basi siku hizi siuoni mpaka unigonge. Lakini usinionee huruma iliyopita kiasi. Nilikuona. Nilikaa pale saa tisa nzima, kwa nusu jicho, nikakuona vizuri.

Waambie wale wababa wasiwe na adabu nyingi.

Baba yako,
fundi rangi mstaafu

17 Desemba

Baba,

Shikamoo. Nimejaribu siku mbili kuikumbuka sura yako ya siku ile. Naikumbuka miwani. Naikumbuka kofia. Uso siukumbuki, Baba, nimeutafuta mpaka kichwa kinauma, haupo. Nilikuinamia karibu hivyo na sikukuangalia.

Nimekwenda stoo nikatoa ripoti ya siku ya kufunga dirisha. Ni mwandiko wangu. "Waliohudumiwa, thelathini na tisa. Mzee mmoja hakuhudumiwa, aliondoka mwenyewe."

Mlinzi nimemwomba radhi. Likizo nimeomba na nimepewa. Ijumaa napanda basi la kwanza, mwenye duka naomba anipokee kituoni, yeye ananijua mpaka siri zangu na mimi hata jina lake sina. Nakuja na machungwa. Wewe utamenya, mikono haihitaji macho. Na utanishika uso taratibu mpaka uuzoee, nami nitautazama wako mpaka niushike.

Kibati ninacho, nakirudisha kwako. Ukisikia hodi mlangoni ni mimi. Usiseme wapite wengine.

Karani